Siku niliyocheza kamari kwa mchango wa mgonjwa

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii niliijua tangu nikiwa darasa la nne. Niliitumia katika insha nyingi na kutiwa alama za vema na mwalimu, lakini sikuelewa maana yake hadi jioni ya Jumatano, tarehe 27 Juni 2018. Nilikuwa nimeketi katika kibanda kimoja cha chai mtaani Umoja, Nairobi, nikitazama mpira kwenye televisheni, jasho likinitiririka ilhali ulikuwa msimu wa baridi.

Wenzangu wote kibandani walikuwa wakitazama mpira. Mimi nilikuwa nikitazama pesa. Tena hazikuwa pesa zangu.

Msomaji mpendwa, kisa hiki nimewahi kukisimulia mbele ya ndugu wa kanisani, ila sijawahi kukiandika gazetini. Ninakiandika leo kwa sababu majuzi kijana mmoja mwanafunzi wa chuo alinifuata baada ya ibada, akaniuliza swali lililonikosesha usingizi. Alisema: "Kaka, mimi nimeokoka. Nasali, naimba kwaya, hata kufunga nafunga. Mbona majaribu bado yananishinda?"

Sikuwa na jibu fupi la kumpa. Jibu nililo nalo ni hili refu.

Bahasha ya kaki

Mimi niliokoka mwaka wa 2011, nikiwa bado chuoni nikisomea diploma ya uanahabari. Tulikuwa tukikutana katika chumba kimoja cha darasa kila Ijumaa jioni, tunaimba, tunaomba, kisha tunagawana mandazi. Siku hizo niliamini kuwa mtu akishampa Bwana maisha yake, vita vimekwisha.

Nilipoanza kazi nilikutana na jaribu ambalo kila mwanahabari nchini analifahamu, yaani bahasha ya kaki. Unaenda kuandika habari za mkutano wa mwanasiasa au uzinduzi wa bidhaa, na mkutano unapomalizika mtu anakukumbatia begani na kukutilia kitu mfukoni, akisema ni nauli tu. Mara ya kwanza nilipopewa, bahasha ilikuwa na shilingi 2,000. Mimi nilikuwa na shilingi 30. Niliirudisha. Mvua ilikuwa inanyesha na nauli za matatu zilikuwa zimepandishwa, basi nikatembea kutoka katikati ya jiji nikiifuata Barabara ya Jogoo hadi Makadara, ndipo nikapata gari ambalo nauli yake ningeimudu.

Nilifika nyumbani nimelowa chapachapa lakini moyo wangu ukiimba. Jumapili iliyofuata nilitoa ushuhuda, na kanisa likapiga makofi. Nikautoa tena katika kanisa jingine. Baada ya miaka michache ushuhuda huo ulikuwa umegeuka kuwa kama medali niliyoivaa kifuani. Watu walinijua kama kijana asiyenunulika. Na ushirika wetu wa nyumbani, ule tunaokutana kila Alhamisi jioni katika nyumba za wenzetu kwa zamu, ulipotafuta mweka hazina, hakuna aliyetajwa ila mimi.

Sasa naona kosa langu lilianzia hapo. Nilikuwa nimelilinda lango moja kwa bidii hata nikasahau kwamba nyumba ina madirisha.

Dau la kwanza

Jaribu halikuja na sura ya bahasha. Lilikuja na sura ya utani. Mwaka wa 2017 mwenzangu kazini alinionyesha kwenye simu yake jinsi alivyotabiri matokeo ya mechi nne na kushinda. Nami ni mpenzi wa kandanda tangu utotoni. Niliweka shilingi 50, nikapata 1,340.

Je, unajua nilifanya nini? Nilitoa fungu la kumi. Nilituma shilingi 134 kanisani, dhamiri yangu ikatulia kama mtoto aliyenyonya. Nilijiambia kwamba hii si kamari, ni ujuzi wa mpira.

Zamani, mtu aliyetaka kucheza kamari ilimbidi avae nguo, atoke nyumbani, apande gari na kuingia kasino mjini, na njiani hakosi kukutana na shemeji au jirani. Aibu peke yake ilikuwa ulinzi. Sheria ya kamari iliyotungwa nchini mwaka wa 1966 iliwafikiria watu wa namna hiyo. Lakini huduma ya kutuma pesa kwa simu ilipoanza nchini Machi 2007, na baadaye kampuni za kamari zikaunganishwa nayo, kasino ilihamia kitandani. Jaribu halikuhitaji tena kubisha mlango. Ni kweli kwamba serikali imejaribu kuweka vizuizi. Mwaka wa 2019 ilikataa kuzipa kampuni kadhaa leseni mpya, na mwaka wa 2025 sheria ile ya zamani ikabadilishwa. Hata hivyo, hakuna sheria inayoweza kukaa nawe chooni saa sita za usiku.

Nasema chooni kwa sababu huko ndiko nilikokuwa nikichezea. Nilipunguza mwangaza wa simu na kufungulia mfereji kidogo ili mke wangu asishuku kitu. Kufikia mapema mwaka wa 2018 nilikuwa nikiweka dau kila siku. Mshahara ulipoingia tarehe 28, kufikia tarehe 10 ulikuwa umekwisha, na mwenye nyumba alikuwa akinidai kodi ya mwezi mzima, shilingi 9,000. Alhamisi jioni nilikuwa nikiongoza maombi kama kawaida.

Mtume Yakobo, katika sura ya kwanza ya waraka wake, anaeleza kwamba mtu hujaribiwa akivutwa na tamaa yake mwenyewe, na kwamba tamaa hiyo hutunga mimba, ikazaa dhambi, na dhambi ikikomaa ikazaa mauti. Nilikuwa nimeihubiri sura hiyo. Sikujua kwamba mimi mwenyewe nilikuwa na mimba ya miezi tisa.

Pesa za mtoto

Katika ushirika wetu palikuwa na mama mmoja anayeuza mboga sokoni. Mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka tisa, alikuwa amevunjika mguu ukaungwa vibaya, na hospitali ilitaka malipo ya awali kabla ya kumfanyia upasuaji. Tulichanga. Mwingine alileta 200, mwingine 1,000, mzee mmoja akauza jogoo. Zikafika shilingi 31,500. Zilikuwa kwenye simu yangu, na zilitakiwa kulipwa Ijumaa, tarehe 29 Juni.

Jumatano tarehe 27, Ujerumani ilikuwa ikicheza na Korea Kusini katika Kombe la Dunia kule Urusi. Ujerumani ndiyo iliyokuwa bingwa wa dunia, na ilihitaji ushindi ili isonge mbele. Korea ilikuwa imeshapoteza mechi zake mbili za kwanza. Usiku huohuo Brazil ingecheza na Serbia. Kila mtu aliyejua mpira alisema Ujerumani na Brazil zitashinda.

Nilipiga hesabu. Nikiweka shilingi 20,000 juu ya timu hizo mbili, ningepata faida ya kumlipa mwenye nyumba na bado nikabaki na akiba. Ijumaa ningelipa hospitali, na hakuna ambaye angejua. Sikujiambia, "Ninaiba." Nilijiambia, "Ninakopa kwa saa chache." Nikatuma.

Mechi ilianza saa kumi na moja jioni. Dakika zikapita, Ujerumani ikishambulia na Korea ikizuia. Dakika 90 zikaisha bila bao. Katika muda wa nyongeza Korea wakatia mpira wavuni. Mwamuzi msaidizi akainua kibendera, nami nikashusha pumzi. Kisha refa akaenda kutazama picha za video, akarudi, akalikubali bao. Muda si muda, kipa wa Ujerumani Manuel Neuer, aliyekuwa ameacha lango lake na kwenda mbele kusaidia kushambulia, akapokonywa mpira. Mkorea Son Heung-min akaukimbilia na kuutia katika lango lisilo na mtu. Mbili bila.

Vijana kibandani walicheka hadi wakashika mbavu. Mimi nilitazama lile lango tupu na nikajiona mwenyewe. Usiku ule Brazil ilishinda mabao mawili kwa bila, kama nilivyotabiri, lakini mkeka wangu ulikuwa umekwisha kuchanika.

Usiku wa manane

Nyumbani sikula. "Baba watoto, kuna nini?" mke wangu aliuliza. Nikasema ni kichwa kinaniuma. Nilipiga magoti kuomba, maneno yakakataa kutoka.

Ndipo likaja jaribu la pili, na hilo ndilo lililokuwa kubwa. Kwenye simu zilibaki shilingi 11,500, na kulikuwa na kampuni za mikopo ya simu ambazo zingenikopesha nyingine papo hapo. Kesho yake kulikuwa na mechi nyingine. Sauti iliniambia kwamba mtu aliyeanguka shimoni hutoka kwa kuendelea kuchimba. Kidole changu kilikuwa juu ya simu.

Kilichonizuia hakikuwa nguvu zangu za kiroho, maana sikuwa nazo. Nilimkumbuka nyanya yangu.

Nyanya yangu kule Murang'a alikuwa mmoja wa wale walioitwa Ndugu wa Uamsho. Huenda vijana wa leo hawaijui historia hii. Mwaka wa 1929, kwenye mlima wa Namirembe mjini Kampala, Mganda aliyeitwa Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza, Joe Church, walikutana wakaomba na kusoma Biblia pamoja. Katika miaka ya 1930 moto wa uamsho ukawaka Gahini nchini Rwanda, ambako Church alikuwa akifanya kazi hospitalini, ukaenea Uganda, na mwaka wa 1937 kikosi cha wahubiri wake kikafika Kabete, karibu na Nairobi. Kutoka hapo ukasambaa katika nyanda za kati na kwingineko nchini. Wakati wa vita vya Mau Mau katika miaka ya 1950, Ndugu wengi walikataa kula kiapo na wakakataa pia kubeba bunduki za serikali. Baadhi yao waliuawa kwa msimamo huo.

Watu hao hawakuwa malaika. Siri yao ilikuwa kile walichokiita kutembea nuruni. Walikutana kila mara, na mtu akiwa na dhambi aliitaja kwa jina lake, mbele ya wenzake. Tena hawakuishia kwenye machozi. Aliyeiba alirudisha, na mwenye deni alilipa. Nyanya alikuwa akiniambia nikiwa mdogo, "Mjukuu wangu, dhambi ni kama kuvu. Ukiiweka gizani inanona. Ukiianika juani inakufa." Nilimwona kama bibi mzee wa mambo ya kale.

Usiku ule, saa saba hivi, nilimwamsha mke wangu nikamweleza yote. Choo, mfereji, kodi, mtoto wa mama mboga, yote.

Alinyamaza muda mrefu hata nikadhani hatasema kitu. Kisha akaketi kitandani, akaniuliza jambo moja tu: "Ni ngapi zimebaki?"

Bei ya nuru

Alhamisi asubuhi nilikwenda kwa mzee anayeongoza ushirika wetu, fundi wa viatu mwenye kibanda karibu na kituo cha matatu. Nilisimulia huku akishona soli. Nilipomaliza aliniuliza bila kuinua macho: "Umemwambia Mungu?"

"Ndiyo, Mzee."

"Umemwambia mwenye pesa?"

Sikujibu. Akaweka sindano chini. "Basi mimi ulinitangulizia bure. Nenda kwa mama kwanza, kijana wangu, ndipo urudi kwangu."

Safari ya kutoka kibanda kile hadi sokoni ni dakika kumi. Ndiyo safari ndefu kuliko zote nilizowahi kufanya, hata ile ya mvua hadi Makadara. Mama alikuwa akikatakata sukuma. Alinisikiliza, kisu kikasimama. Akasema, "Mimi nilikuona kama malaika. Heri sasa nakuona kama mtu. Lakini mtoto wangu, Ijumaa ataenda wapi?"

Swali hilo halikuhitaji kilio. Lilihitaji shilingi 20,000. Niliuza kompyuta yangu ya kazi kwa shilingi 14,000, nusu ya bei niliyoinunulia. Mke wangu akatoa 6,000 alizokuwa amejiwekea katika chama chao cha akina mama, pesa za cherehani aliyokuwa akiitamani kwa miaka miwili. Ijumaa saa tisa alasiri tulilipa hospitalini, mimi na mama mboga tukiwa tumesimama pamoja kwenye dirisha la malipo, hatusemezani. Wiki iliyofuata mtoto akapasuliwa.

Alhamisi iliyofuata nilisimama mbele ya ushirika. Hakuna aliyepiga makofi siku hiyo. Uweka hazina niliondolewa, na ni haki. Wawili waliacha kunisalimia kwa miezi kadhaa. Nuru ina bei yake, na mtu asikudanganye kwamba ukikiri tu mambo yote yatakuwa mteremko.

Kukua si siku moja

Kuokoka kwaweza kuwa jambo la siku moja, lakini kukua ni kazi ya miaka. Oktoba mwaka uohuo nilianguka tena, kwa shilingi 50 tu. Tofauti ni kwamba jioni hiyohiyo nilikuwa kwenye kibanda cha Mzee nikimwambia. Alicheka kidogo, akasema, "Mara ya kwanza ulikaa gizani mwaka mzima. Leo umekaa saa tatu. Unakua."

Tangu hapo nimejifunza mambo machache ambayo ningependa kijana yule, na msomaji yeyote aliye katika vita kama hivi, ayatafakari.

La kwanza, jaribu hubisha palipo na njaa. Tunasoma katika Mathayo sura ya nne kwamba Bwana Yesu alifunga siku 40 jangwani, na jambo la kwanza aliloambiwa na mjaribu lilihusu mkate. Bahasha haikunishinda kwa sababu nilikuwa na kiburi cha kuikataa. Kamari ilinishinda kwa sababu nilikuwa na kiu ya kuonekana mjanja, na baadaye deni la nyumba. Jiulize una njaa gani, nawe utajua jaribu litaingilia wapi.

La pili, tafuta mlango kabla ya kutafuta nguvu. Paulo aliwaandikia Wakorintho, sura ya kumi, kwamba pamoja na jaribu Mungu hufanya na njia ya kutokea. Yusufu nyumbani kwa Potifa hakusimama kujadiliana, alikimbia na kuacha vazi lake. Mimi nilizoea kuomba nipewe nguvu za kubaki chumbani na nyoka. Siku hizi nambari ya siri ya simu yangu ya pesa anaijua mke wangu, na kila Jumapili jioni tunaketi tukasoma pamoja pesa zilizoingia na zilizotoka. Wanaume wengine hunicheka. Nawaacha wacheke.

La tatu, usidhani kuna mahali utahamia jaribu lisikufuate. Antonio wa Misri aliyafuata maisha ya upweke jangwani katika karne ya tatu, akaishi huko hadi kufa kwake mwaka wa 356. Askofu Athanasio, aliyeandika maisha yake, anatuonyesha kwamba majaribu yalimfuata hata huko. Kama jangwa halikumficha Antonio, kubadilisha kanisa au mtaa hakutakuficha wewe. Kinachobadilika ni mtu wa ndani, polepole, kwa neno, kwa maombi, kwa kufunga, na kwa ndugu wanaokujua ulivyo.

La nne, maombi si adui wa tiba. Shirika la Afya Duniani limeorodhesha uraibu wa kamari miongoni mwa magonjwa. Niliomba, na pia nilikwenda kwa mshauri wa kitaalamu kwa miezi minne. Sikuona vikigombana.

Mtoto wa mama mboga sasa yuko shule ya sekondari, na mchezo anaoupenda, hamtaamini, ni kandanda. Mke wangu alipata cherehani yake mwaka wa 2020. Mama mboga hunisalimia, na mwaka jana alinituma benki kumwekea pesa zake. Nilizihesabu mara tatu mbele yake.

Je, jaribu limekwisha? La. Msimu wa mpira ukianza kidole hiki bado huwasha. Ila sasa najua nani wa kumpigia.

Haya yote nilimweleza kijana yule tukiwa tumeketi kwenye ngazi za kanisa. Nilipomaliza alinyamaza kitambo, akachezea kamba ya kiatu chake. Kisha akatoa simu mfukoni, akaifungua, akanipa bila kunitazama usoni. Ilikuwa karo ya muhula, aliyotumiwa na babake.

Nilitaka kumhubiria. Badala yake nilimuuliza lile swali nililoulizwa mimi usiku ule: "Ni ngapi zimebaki?"

Alinitajia. Jumamosi iliyofuata tulipanda gari pamoja, tukaenda kumwona babake.